Mti Uliotazama Mlango Wangu

Mti umeingia kwangu hapa Magarama, mtaa wa Gitega, siku ya Ijumaa, ndani ya beseni la kufulia, umefunikwa kitenge kama mgonjwa, na kabla ya swala ya alasiri mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Bi Salama muuza mkaa alikuja kuazima chumvi, yeye ambaye hata chumvi anauza. Akasimama uani, mikono nyuma, akauangalia bila kuugusa. "Zaituni, hiki kitu kina umri gani?" Nikamwambia mi niliukuta nikiwa bibi harusi, na hata siku hiyo ulikuwa mzee. "Na bado iko hivi?" Akaonesha kwa kiganja, kimo cha kuku. "Bado iko hivi." Akaondoka bila chumvi. Nadia, mke wa mjukuu wangu Yusufu, ninayekaa naye nyumba moja, alikuwa kando na ungo wake. Aliendelea kuchagua mchele, ila mkono ulikuwa kwenye mchele na macho yalikuwa kwenye mti. Sikumkasirikia. Kumshuku mama mwenye nyumba ni kazi ninayoijua vizuri, niliifanya mwaka mzima kule Muyinga nilikoolewa, na niliifanya juu ya mti huuhuu.

Ni msonobari. Shina lake limetokea pembeni mwa chungu kipana cha udongo, limelalia upande kama mtu anayevutwa nywele. Matawi yote yanakimbilia upande mmoja. Upande wa pili hakuna kitu, isipokuwa tawi moja kavu lililochunwa gamba, jeupe kama mfupa. Ukiuangalia vizuri unajikuta umeshika mtandio wako, unadhani upepo unavuma. Nimetoka nao Muyinga kwenye msiba wa Mwamini, ambaye alikuwa wifi yangu mwaka mmoja tu. Watu wengi nimekaa nao miaka mingi na sikumbuki walikuwa wanacheka vipi. Mwamini namkumbuka hadi namna alivyokuwa anapuliza chai.

Nyumba ya Muyinga ilikuwa na vyumba vitatu na ua. Chumba cha mbele kilikuwa cha wageni, kina redio ya betri iliyovishwa kitambaa cha kufuma. Cha kati analala mama mkwe wangu, Bi Chausiku, pamoja na Mwamini. Cha nyuma kilikuwa changu na mume wangu Issa, na mlango wake ulifungukia uani. Pembeni ya ua palikuwa na kibanda cha marehemu baba mkwe, Mzee Athumani, fundi wa kusuka mota zilizoungua. Mzee hayupo lakini harufu ya vanishi iliyoungua iko palepale, na madebe ya waya za shaba yamepangwa kama madebe ya mafuta dukani. Mbele ya kibanda, juu ya pipa lililopinduliwa, ndipo ulipokaa mti. Na matawi yake yote, nilivyoona asubuhi yangu ya kwanza nikitoka na ndoo, yalikuwa yamenyooka kuelekea mlango wangu.

Nilimuuliza Mwamini tukimenya ndizi. Akaniambia kwamba baba yao aliwahi kuwa dereva wa Mchina mmoja mjenzi wa barabara, na huyo Mchina akiwa hana kazi alikuwa anakaa juu ya miamba kule Mwakiro akiangalia misonobari midogo iliyoota kwenye mawe, ile ambayo mbuzi wanaikata juu na upepo unailaza chini. Akamfundisha Mzee namna ya kuung'oa mmoja bila kuuua, kuupanda kwenye chungu, na kuuzungushia waya ubaki na sura ileile ya upepo. Mchina akarudi kwao. Mzee akaendelea na mti mpaka alipokufa, na mti haujakwisha, maana ulikuwa mbishi: matawi yalikubali kulala, lakini kichwa kilisimama wima kama polisi. "Sasa mama ndiye anapigana nao," akasema Mwamini. Mi nikaitika ehee, ehee, huku nasema moyoni: Mchina! Kwa nini asiseme tu ukweli?

Maana fikiria wewe unayesoma. Umetoka kwenu Gitega, umeolewa, mume amekaa siku chache amerudi Kobero mpakani kwenye biashara yake ya vitenge, na umeachwa na mama asiyesema. Bi Chausiku hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningejua pa kushika. Alikuwa anakula kimya, anaswali kimya, halafu anakaa mbele ya ule mti na kung'oa majani yake moja moja kama anayenyonyoa kuku. Siku nyingine aliniambia nitoe chungu cha maharage kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akaweka waya juu ya makaa. Akazipika mpaka zikawa nyekundu, akazitoa zimekuwa laini kama uzi, akazizungusha kwenye matawi, duru kwa duru, akikaza. Nikarudisha maharage yangu kwenye moto uleule, na siku ile nilisema tumbo linaniuma, sikula. Siku nyingine alirudi kutoka Mwakiro na kifurushi cha udongo wenye utandu mweupe, kama ukungu wa mkate, akaufukia kwenye mizizi kwa vidole. Akaninong'oneza, "Usimwage sabuni hapa." Kwetu mtu akitaka kukuzuia kitu, hakupigi. Anachukua kitu kinachoota, anakifunga, na wewe unabaki umefungwa. Muyinga nako kila mtu alilijua hilo, Mwislamu kwa Mkristo, hata wanaokataa kwa mdomo.

Aliyenisomea maana yake ni Mama Rehema, muuza vitumbua aliyekaa kona ya bombani. Jina lake mwenyewe Tatu binti Selemani, mwembamba, jino moja la dhahabu. "Mke wa Issa, iko vipi, tumbo bado?" Aliuliza mbele ya watu wote, na mafuta yake yanachemka. Nikamwambia bado. "Yoo, mtoto wa watu. Na Asha naye alisema bado, bado, hivyohivyo." Asha? Ndiyo siku nilipojua kwamba Issa aliwahi kuwa na mke kabla yangu, kwamba aliishi chumba kilekile, akaondoka mikono mitupu, na kwamba Issa alisema amempa talaka yake. "Ule mti wa mkwe wako," akasema Mama Rehema akinifungia vitumbua nisivyoagiza, "umeona hauendi juu? Kinachotakiwa kwenda juu kimeshikwa. Bon, basi, mi sisemi kitu." Alikuwa amesema chote.

Basi nikaanza vita yangu. Kila nilipoamka nilikizungusha kile chungu, matawi yaelekee ukutani, au barabarani, popote ila kwangu. Siku zikipita nilikuta yananitazama tena. Nageuza, anageuza. Hakuniuliza, sikumuuliza. Tulikula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye sinia moja, vidole vyetu vikikutana kwenye mchuzi, na kila mmoja anajua mwenzake anageuza chungu. Mwamini alikuwa katikati akipuliza chai yake kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Mwaka ulipokaribia kwisha akaja Mjomba Hamisi, kaka yake Bi Chausiku, mtu mwenye kikohozi kirefu kinachotangulia kila neno. Nilikuwa jikoni, na ukuta wa jiko haukufika juu. Akakohoa, akasema, "Dada, huyu mtoto wa Gitega. Mwaka ukiisha bila kitu tumrudishe kwao, kwa heshima, na kanga juu. Issa mwenyewe ameniomba nikwambie." Nikangoja mama mkwe wangu aseme oya, hapana, haiwezekani. Nilisikia kijiko kinazunguka kwenye kikombe. Halafu akasema, "Niache kwanza nimalize mti."

Nimeishi na maneno yale hadi leo nina mvi, na kila nikiyageuza yana upande mwingine. Lakini siku ile yalikuwa na upande mmoja tu. Kurudishwa kwetu kulimaanisha nini, ninyi wasichana wa leo hamtajua. Kulimaanisha kwamba mtaani Magarama ningeitwa tasa, na neno hilo likishaingia nyumbani linakaa hata kwenye viti. Hakuna mwanamume angekuja tena kubisha hodi. Nikajiambia, Zaituni, huu mti utaufungua kabla haujakwisha.

Ijumaa iliyofuata, Bi Chausiku alipotoka kwenda kuwapa pole majirani waliofiwa, na Mwamini yuko bombani, nikakaa mbele ya pipa. Nikashika ncha ya waya kwenye tawi la chini, nikaanza kuzungusha kinyume. Nilikuwa nasoma Kurani niliyoijua, yaani kidogo. Waya ukatoka, mduara baada ya mduara, na chini yake gamba la mti lilikuwa limeachwa alama kama za bangili kwenye mkono mnene. Nikautoa wote. Nikaachia tawi nikitegemea litaruka juu, lirudi lilikotoka, na mimi nihisi kitu ndani ya tumbo. Tawi halikuruka. Lilibaki palepale lilipokuwa, limelala na upepo usiokuwepo. Nikalisukuma kwa kidole. Likarudi kulala. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kile kitawi, kimefunguliwa na hakiendi.

"Umechelewa." Alikuwa amesimama nyuma yangu, bado ana mtandio wa msibani. "Huo waya ulitakiwa kutoka mwezi uliopita, angalia ulivyokula gamba. Lakini hautolewi hivyo, utaninyongea mti. Unakatwa." Akaingia kibandani, akarudi na koleo la Mzee, akaniwekea mkononi. "Haya, endelea. Lile pia. Kata kila mzunguko, usivute."

Nikakata. Ningefanya nini? Koleo likagonga waya, kipande kikadondoka. Naye akaniketia kando, anaokota vipande vya shaba kwenye kanga yake.

"Na anayegeuza chungu ni wewe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mti unataka jua pande zote. Mzee alikuwa anageuza kila wiki. Mi nasahau, nageuza siku nikikumbuka. Nikaona kuna mtu ananisaidia, nikanyamaza."

Hata hapo sikumwamini. Nilijua mtu mwenye akili akishikwa anavyojibu: anatoa jibu linalofaa kila kitu. Nikamtazama usoni nitafute ufa. Uso wake ulikuwa kama sinia iliyooshwa.

Jumatatu iliyofuata akaniita uani baada ya chai. Alikuwa ameloweka nyuzi za mgomba kwenye beseni, waya mnene umeshapikwa, na kamba ya katani iko tayari. Ilikuwa zamu ya kichwa, ile sehemu ya juu iliyomshinda Mzee. "Mwamini hana subira," akasema, "na vidole vyangu vimekufa. Shika hapa chini kwa mikono miwili, shina lisicheze. Nitakapokunja, usiachie. Ukiachia utakatika, na ukikatika hapa, umekufa wote." Nikapiga magoti, nikalibana pipa kwa mapaja, nikashika. Shina lilikuwa na baridi na magamba ya mamba. Akalifunga bandeji ya nyuzi za mgomba, nyevunyevu, juu yake akazungusha shaba, halafu akaweka viganja vyake juu ya mikono yangu na kuanza kukisukuma kichwa kwenda upande wa wenzake. Pole pole, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Mti ukaanza kulia, sauti ndogo ya mlango wa kabati.

"Mama Rehema amekwambia nini?"

Nikakaza macho kwenye shina.

"Sema. Huwezi kwenda popote."

Kweli sikuweza. "Amesema umenifunga kwenye mti."

"Na we unasemaje?"

"Mi nasema Asha naye aliondoka mikono mitupu."

Akasukuma. Kichwa kikashuka kidogo. Jasho lake likadondokea mkono wangu. "Issa amelala hapa lini mara ya mwisho?"

Nilikumbuka suruali niliyomfulia, nikakumbuka mvua iliyonyesha siku ile, na mvua ile ilikuwa ya msimu uliopita.

"Alors? Sasa mtoto atatoka wapi, kwenye waya?"

Kicheko kikanitoka puani, sikukialika. "Usicheke! Shika!" Na yeye mwenyewe mabega yanatikisika. Ndipo mti ukasema *ta*, kisauti kidogo kavu. Chini ya nyuzi za mgomba ukatoka utomvu, tone moja safi, harufu yake ikajaa uani kote ikafukuza hata harufu ya vanishi. Tulikaa vile, mikono yake juu ya yangu, tukingoja kuona kama tumeua. Kichwa hakikukatika. Akakivuta kichwa kwa kamba, akaifunga kwenye mguu wa chungu, akaniambia sasa achia. Vidole vyangu havikutaka kufunguka, akavifungua yeye, kimoja kimoja.

"Kesho dereva Saidi anapeleka maharage Kobero," akasema akinawa utomvu kwa majivu. "Panda naye. Mpelekee mume wako hiki." Akanipa kifurushi kilichoshonwa kwa uzi mweupe. "Kampe mkononi. Usimpe mtu wa njiani."

Nilifika Kobero wakati wa adhuhuri. Kila niliyemuuliza Issa wa vitenge alinionyesha nyumba ileile kwa kidole, na kila mmoja alinitazama sana kabla ya kuonyesha. Mlangoni alikuwepo mwanamke anakoroga maharage yenye mawese, mzuri, mnene kunizidi, na kitoto cha kiume kimemshika kanga. Nikaona masikio ya kile kitoto, yaleyale ya Issa. Nikajua kabla ya kujua.

"We ni nani?" akaniuliza.

"Mi ni mke wa Issa."

Akaweka mwiko chini. "Mi pia," akasema. Alikuwa Asha.

Hatukupigana. Watu wakisikia hadithi hii wanategemea tupigane. Alinivutia kigoda, akanipakulia, na maharage yake yalikuwa matamu, namwambia Mungu ukweli. Akaniambia hakupewa talaka yoyote. Issa alimwambia mama yake ndiye hamtaki, kwa hiyo akae hapa kimya. Mi nilikuwa nimeambiwa yeye ndiye aliyeondoka. Issa aliporudi alituona sote tumekaa, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Sikumpa kifurushi. Nilikifungua mwenyewe mbele yao. Ndani kulikuwa na kanzu ya mtoto, imeshonwa kwa mkono. Asha alimvisha mwanawe, ikaburuta chini, mikono imemeza viganja. Wote tukaiangalia ile kanzu.

Nilirudi Muyinga na gari lilelile. Bi Chausiku alikuwa uani anang'oa majani. Hakuniuliza mume yuko vipi. Aliuliza, "Imemtosha?"

"Kubwa, mama."

"Atakua." Akaendelea kung'oa.

Niliondoka mwenyewe kwenda Gitega, na talaka yangu nikaidai kwa mdomo wangu. Mama mkwe akanisindikiza hadi barabarani na akasema kwa sauti, mbele ya Mama Rehema na mafuta yake, kwamba huyu hana kasoro, mwenye kasoro ni mwanangu. Neno lile lilifika Magarama kabla yangu. Ndiyo maana Juma fundi cherehani alibisha hodi, na watoto walikuja wakifuatana mpaka Juma mwenyewe akasema inatosha. Lakini usiku na mchana nimeuliza: mama mkwe alijua ya Kobero au hakujua? Mtu anayejua hakosei kipimo cha kanzu. Mtu asiyejua hashoni kanzu. Na kama alishuku, kwa nini alinipima mwaka mzima kwa kimya chake, hadi nikashika mti? Kwenye msiba wa Mwamini nilimkuta Asha, kibibi kama mimi, anatembelea fimbo. Nikamuuliza palepale, kabla ya pole. Akacheka. "Mi nilidhani we unajua." Kisha akanitolea mti kutoka nyuma ya nyumba. Mama mkwe aliuachia Mwamini, na Mwamini aliambiwa baada yake uende kwa aliyeshika. Nikauzunguka pande zote kabla ya kuupokea. Kichwa kimelala na wenzake vizuri kabisa, na pale tuliposikia *ta* kuna kovu lililovimba, kubwa kama kifundo cha kidole.

Sasa uko hapa, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nadia na Yusufu wana muda tangu harusi, tumbo bado, na Bi Salama humuita Nadia pembeni kila akienda kuchota maji. Yusufu anaendesha lori la mizigo kwenda mji wa Ngozi, anasema barabara mbaya, analala huko. Jumapili nilitoka kuswali nikakuta chungu kimegeuzwa, matawi yanatazama ukuta. Nikakirudisha. Jana kimegeuzwa tena. Nikakiacha, mti unataka jua pande zote. Lakini leo asubuhi nimeona kijitawi cha juu kimeanza kusimama wima, nikaweka waya kwenye makaa, nikaloweka nyuzi za mgomba, nikakaa.

"Nadia! Acha hivyo vyombo, njoo unishikie hapa. Mikono miwili. Hivyo hivyo, na usiachie hata nikikuuliza nini." Akapiga magoti, akashika, macho hayatoki kwenye lile tawi jeupe kama mfupa. Nikaweka viganja vyangu juu ya vyake, nikaanza kusukuma, na mti ukaanza kulia.

"Haya niambie, mwanangu. Yusufu amelala hapa lini mara ya mwisho?"